Chakula Ambacho Sikukionja

Oli, Arua
9 Mei 1976

Wifi Elena,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipomzika mama. Miezi mitatu si kidogo, na najua huko Lobule umekuwa ukimuuliza Fadhul kila lori lake likipita kama hana barua yako. Karatasi nilikuwa nayo. Nilianza mara nne. Mara moja mtoto aliikojolea, mara nyingine niliandika mpaka katikati nikaona maneno yangu yananuka hasira, nikawashia moto wa uji.

Hatujambo kidogo. Adriko anaota meno, halali, na mimi silali. Eyotaru yuko darasa la pili, anasoma vizuri, ila amekuwa mkimya. Kaka yako Wani hajaandika tangu Machi. Waliorudi kutoka huko kwenye mashamba ya miwa wanasema ni mzima, posta ndiyo mgonjwa. Wewe je, mguu wako? Mihogo, nguruwe wa porini wameacha kitu? Sijasahau ulivyonipa mkeka wako siku za msiba, ukalala chini wewe.

Ninaandika Kiswahili kama kawaida yetu. Kikakwa changu bado ni cha sokoni na Kilugbara chako kinachekesha.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka Margaret, jirani yangu wa mlango wa pili, yule wa huko kwenu Lobule aliyeolewa hapa. Tangu Pasaka wanawake hawanunui tena karanga zangu za kusaga. Kwanza nilidhani ni shida ya wote, maana siku hizi hata chumvi tunaisikia kwa jina. Halafu nikaona kwamba nikitua mtungi wangu pale mtoni, wao wanainua yao. Jumapili moja ilikuwa zamu yangu kupika chai ya akina mama baada ya ibada. Nilimimina vikombe kumi na viwili, na vyote kumi na viwili vikapoa. Mmoja alisema amefunga. Mwingine alisema jino. Wengine wakaona jino ni jambo zuri, wakaumwa nalo pia.

Aliyeniambia ni Hajara, yule Mnubi anayekaanga maandazi karibu na daraja, maana yeye si wa kanisa letu na hana sababu ya kunificha. Alisema, "Mama Eyotaru, watu wanasema wewe iko na sumu. Wanasema mama ya bwana yako alikula kwako, akarudi kwake, akakufa." Nikamuuliza ni nani anayesema. Akanyoosha mdomo kuelekea mlango wa Margaret.

Wifi, unajua neno hilo lina uzito gani kwetu na kwenu. Mwanamke wa sumu hana kesi, ana hukumu tu. Mwaka juzi upande wa juu walimng'olea mmoja paa, akarudi kwao na godoro kichwani, na watoto wakabaki kwa ukoo wa baba yao. Hilo la watoto ndilo linalonifanya nizunguke nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama, nafagia palipofagiwa.

Niliomba. Sala yangu ilikuwa Mungu ampe Margaret jipu kwenye ulimi. Mwalimu Adrabo, anayetuongoza kanisani, alisema hiyo si sala, hayo ni matusi yenye Amina. Ameniambia nimwendee, mimi na yeye tu, kabla sijamwambia mtu mwingine. Nimekwisha kukuambia wewe, basi nimekwisha kukosea njia. Lakini nitamwanzaje? Huyu anayenisema ndiye ambaye mume wake analala Adumi kwa mwanamke mwingine siku nne kila juma, na yeye anatangaza kwamba bwana yuko safari ya kazi. Angefagia kwake kwanza.

Wewe ulikuwepo siku ile mama alipokula kwangu. Uliona kila kitu. Niandikie hilo tu, nipate neno la kushika.

Wifi yako,
Filda


Lobule, Koboko
2 Juni 1976

Wifi yangu Filda, mama wa watoto wetu,

Barua yako imefika, nimefurahi kuona mwandiko wako. Niliisoma jioni wake za ndugu wakiwa wamekaa uani, wote wanakusalimu. Mguu unauma mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo sasa mimi ndiye redio ya kijiji. Nguruwe wamekula mistari mitatu ya mihogo. Miche ya tumbaku tumeshahamisha shambani. Mbuzi wa marehemu mama amezaa pacha.

Habari ya Margaret imenisikitisha. Dunia ina midomo mingi, mwanangu. Wewe nyamaza tu. Anayemjibu msengenyaji anampa kuni.

Nimefikiri sana juu ya Eyotaru. Mlete akae na mimi huku. Maziwa yako, hewa ni safi, na shule ya misheni si mbali, watoto wanatembea. Wewe una mdogo anayekusumbua, utapumzika. Mpe Fadhul siku yoyote, ni mtu wa kuaminika, atamkalisha mbele. Wazee wa ukoo watakaa baada ya mavuno kumalizia mambo ya marehemu, na wameuliza juu ya watoto wa Wani. Ni vizuri mtoto awe ameshazoea hapa kabla ya siku hiyo.

Nimekutumia chumvi kwenye kopo la maziwa. Kopo lirudi.

Ni mimi dada wa mume wako,
Elena


Oli, Arua
27 Juni 1976

Wifi Elena,

Chumvi imefika, asante, na kopo nimempa Fadhul. Adriko ana meno mawili na sasa anauma titi. Mvua imebomoa choo cha uani, tunaenda kwa Hajara, na yeye hasemi kitu ila anatuuliza kwa utani kama tumelipa kodi. Eyotaru hawezi kuja. Yuko katikati ya masomo, na mimi ni mama yake.

Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la lile nililokuuliza. Nimepata mbuzi na nguruwe.

Nimemwendea Margaret. Nilichagua saa tano, watu wakiwa sokoni, yeye akiwa uani anageuza muhogo aliouanika. Jambo la kwanza alitazama mikono yangu. Nikamwambia nimekuja mikono mitupu, nimekuja na mdomo tu. Akasema mdomo ndio mbaya zaidi. Tulicheka kidogo, wote wawili, bila kupenda.

Nikamwambia nimesikia kwamba ananiita mtu wa sumu, na kwamba kama ni kweli amesema, anifundishe alichokiona. Akaendelea kugeuza muhogo. Akasema, "Mimi sikusema kitu. Watu iko nasema." Nikamwambia watu hawana mlango wa pili kutoka kwangu. Hapo akasimama.

"Na wewe je?" akasema. "Bwana yangu analala Adumi siku nne, ndiyo? Nifagie kwangu kwanza, ndiyo?"

Ni maneno yangu yale, kama nilivyoyapanga kwenye karatasi. Sikumwambia Hajara. Sikumwambia Mwalimu Adrabo. Niliyaandika mara moja, kwa mtu mmoja.

Niliketi chini kwenye udongo nikamwomba radhi. Nilimwambia ndiyo, niliandika, nilikosa, shida ya nyumba yake haikuwa chakula changu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, radhi ikamkuta hana pa kuiweka. Akakaa na yeye. Ndipo akanipa lile lingine, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Akasema, "Ulimwekea mama mkwe chakula, hukuonja. Hata mwali wa jana anajua kuonja."

Ni kweli, sikuonja. Nakuandikia wazi. Anayepika huchukua tonge la kwanza yeye, mbele ya mgeni, ili mgeni ale kwa amani. Wewe na mimi tulilelewa hivyo. Lakini sisi tuliookoka hapa Oli tulikubaliana kuliacha, tukasema ni hofu ya zamani, kwamba anayemwamini Mungu anashukuru na kula. Kwa hiyo siku ile niliweka muhogo na samaki, nikafumba macho, nikaomba, nikamwambia mama karibu. Mama alinitazama, kisha akala. Nilifikiri amependa sala yangu.

Ndani ya chumba kile tulikuwa watatu. Eyotaru alikuwa shuleni, Adriko mgongoni mwangu hajui neno. Mama amelala kaburini.

Juma lile nilisimama kwenye ushirika wa jioni kutubu, kama tunavyofanya. Mwalimu Adrabo alikuwa ameniambia mapema nitaje dhambi yangu bila kuitangaza upya. Nikasema, "Nimemsema jirani yangu." Wanawake wote wakasogea mbele kwenye mabenchi kusikia nimesema nini. Nikasema, "Basi," nikakaa. Sijawahi kuona watu wameudhika hivyo na toba ya mtu.

Margaret amesema ataacha kulibeba neno hilo, lakini hawezi kulirudisha, kwa sababu si lake. Dada yake alilipata kwenye soko la huko na kuja nalo hapa. Alisema aliyelitoa ndiye alirudishe.

Kwa hiyo nakuuliza, dada. Sikuulizi nani. Nakuuliza wewe. Usinijibu kwa chumvi.

Filda


Lobule, Koboko
15 Septemba 1976

Wifi Filda,

Usiseme nimekudharau. Tumbaku imetushika, kuvuna na kukausha, mikono yangu ni nyeusi hata karatasi inakataa. Watoto wa ndugu walipata surua, wamepona. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa.

Barua yako hii sikuisoma uani. Nimeisoma peke yangu ghalani, na nikakaa nayo miezi miwili na zaidi. Lile la mume wa Margaret, nililisoma kwa sauti siku ile, na dada yake alikuwa ameketi kati yetu. Hilo ni kosa langu, sikufikiri.

Lile lingine. Sikusema sumu. Mungu ananisikia, neno sumu halikutoka kwangu. Siku za msiba watu walikuwa wananiuliza, alikula nini, alikula wapi, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikasema alikula kwa Filda, na Filda hakuonja. Ndiyo yote. Wengine wakamalizia. Nilipoona wamemalizia, sikuwazuia.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Mama alianza kutapika kabla ya Krismasi. Mhudumu wa zahanati alimshika tumbo, akaniambia nimpeleke hospitali Arua juma lile lile. Nikasema tumalize kwanza kufunga tumbaku, wanunuzi wanakuja. Tulimaliza mwisho wa Januari. Tulipokuja kwako tulikuwa njiani kwenda hospitali, na mama akasema amepata nafuu, turudi. Nilikubali upesi. Nilitaka kukubali.

Sasa unajua. Watu walipokuwa wanakutazama wewe, hawakunitazama mimi.

Wazee wamepanga kukaa mwezi wa kumi na moja. Kuhusu Eyotaru sijui niseme nini. Nilimwandikia Wani mwezi wa tano.

Elena


Oli, Arua
3 Oktoba 1976

Wifi Elena,

Salamu kwako na kwa wote uani. Pole kwa mbuzi, pole kwa surua. Huku Adriko anasimama akishika kuta, anaanguka, anasimama. Hajara ametengeneza choo chetu kwa mafundi wake, hataki tulizungumzie. Margaret na mimi tunasalimiana. Juzi aliniomba kaa la moto, akalichukua mwenyewe kwenye kigae. Kula kwangu bado.

Ulisema ulimwandikia Wani. Nilijua kabla hujaniambia. Agosti mtu aliyerudi kutoka kwenye miwa aliniletea karatasi kutoka kwake, mistari miwili. Inasema, "Mpeleke Eyotaru kwa dada. Usiniulize." Tumezaa pamoja watoto watatu na kuzika mmoja, na mimi nisimuulize. Nilitembea na karatasi ile ndani ya kanga siku nyingi, nikiitoa kama mtu anayetazama kidonda.

Niliposoma yako, neno langu la kwanza halikuwa la Kikristo. La pili pia. Nilikwenda mtoni bila mtungi, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kukodi baiskeli nije Lobule na mtoto mgongoni, nisimame uani kwako mbele ya hao hao waliosomewa barua yangu, na nisome yako kwa sauti tangu tumbaku mpaka mwisho. Ningeweza. Ingenipendeza siku moja nzima.

Sitafanya. Nakuambia kwa nini, usidhani ni kwa sababu mimi ni mpole. Nilikaa nikamwona mama anatapika na wewe unahesabu mafungu ya tumbaku ukijiambia kesho, kesho. Mimi pia nimewahi kusema kesho kwa mtoto mwenye homa. Yule niliyemzika, Elena. Hakuna mtu aliyekuja kuniuliza alikula wapi. Siku zile pia ulinikalisha kwenye mkeka wako na ukaniambia si mimi niliyemuua. Sasa nakurudishia neno hilo: si wewe uliyemuua mama. Sina uhakika hospitali ingemponya, na wewe huna. Nimekusamehe. Nimeandika neno hilo asubuhi nikiwa nimeshiba usingizi kidogo, ili lisiwe la machozi.

Lakini kusamehe si kunyamaza, na hapo usinichanganye. Nikinyamaza, wazee watakaa mwezi ujao na watamchukua mtoto wangu kwa sababu ya neno ambalo wewe unajua si kweli.

Sikiliza jambo moja ndipo utaelewa. Jumanne moja nilimpa Eyotaru uji. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akanitazama, akangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Mama, anza wewe." Ana miaka saba. Nimemnyonyesha miaka miwili. Nilikunywa, nikampa, akanywa chote, akaenda shule akiruka kamba. Mimi nilibaki pale kwenye mafiga mpaka moto ukazimika.

Tangu siku hiyo ninaonja. Kwa kila mtu, hata maji. Mwalimu Adrabo alikunja uso, akasema tunarudi tulikotoka. Nikamwambia kwa heshima kwamba nilipoacha kuonja nilikuwa naonyesha imani yangu, na mama mkwe wangu akala bila amani katika nyumba yangu. Alikula kwa kunipenda, akiogopa. Kama Mungu anahitaji imani yangu ioneshwe, ataitafuta mahali pengine, si kwenye sahani ya mwanamke mzee. Jumapili iliyofuata alipewa chai nyumbani kwa mama mmoja, nikasikia alimwambia yule mama aonje kwanza, na akatabasamu.

Basi, dada. Eyotaru haji Lobule kuishi. Siku utakayokuja wewe kututembelea, nitapika, nitaonja mbele yako, na tutakula kutoka sahani moja. Ukiogopa, niambie, nitaonja mara mbili. Sitaudhika. Lakini mtoto analala kwa mama yake, na hilo hata Wani akija mwenyewe nitamwambia akiwa bado amesimama mlangoni.

Adriko ameamka. Namalizia.

Wifi yako anayekupenda,
Filda

Vitu ninavyohitaji bado, Fadhul anarudi Alhamisi:

Chumvi, kopo moja kama lile. Sabuni ya Kongo miche miwili, na kama ni shida, mmoja. Vidonge vya malaria vya mtoto, hapa dukani hakuna na zahanati wanasema njoo kesho. Karanga nyekundu debe moja, zisiwe zimekaangwa.

Barua ya kwanza, ya mkono wako, kwa Mwalimu Adrabo, ya kusomwa baada ya ibada. Andika kwamba mama alikuwa mgonjwa tangu kabla ya Krismasi, na kwamba alipofika kwangu ugonjwa alifika nao. Andika kwamba wewe uliyekuwepo hukuona ubaya mkononi mwangu. La tumbaku usiandike. Hilo ni lako na Mungu, na mimi nimeshalisahau mbele ya watu.

Barua ya pili hivyo hivyo, kwa Wani. Niitume mimi kutoka hapa, nijue imekwenda. Na wazee wasomee wewe mwenyewe, mdomo kwa masikio, kabla hawajakaa.

Fadhul akisema lori limejaa, karanga zibaki, sabuni ibaki, hata chumvi ibaki, tumezoea. Barua mbili hazijazi lori.